Gari la Kununua na Gari la Kulisha

Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Nyangamara juu ya kuchagua gari linalotumia mafuta kidogo

Korosho zikishauzwa mnadani na malipo yakishaingia, kaya nyingi za kusini huketi kushauriana juu ya fedha za msimu. Wapo wanaoezeka nyumba kwa bati, wapo wanaolipa ada za watoto, na wapo ambao, baada ya miaka mingi ya kuweka akiba, huona sasa wakati umewadia wa kununua gari. Hamu hiyo haina aibu ndani yake. Gari humfikisha mama mjamzito katika Hospitali ya Mtakatifu Walburg, Nyangao, kabla hali haijawa mbaya. Hufikisha ufuta ghalani kabla mvua haijaukuta njiani, na humwezesha mwenye duka kufuata bidhaa zake Lindi na kurudi siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, gari hununuliwa mara moja na hulishwa kila siku. Bei ya kulinunua huulizwa na kila mtu, na ukoo mzima huijua. Bei ya kulilisha aghalabu haiulizwi mpaka mwenyewe anapokuwa na ufunguo mkononi na mfuko mtupu. Ndiyo maana katika vijiji vingi huonekana gari limeegeshwa chini ya mwembe, matairi yamelala, na kuku wamepata pa kutagia. Si lazima liwe bovu. Pengine ni zima kabisa, ila mwenyewe ameshindwa kulilisha, na jasho la msimu mmoja au miwili limelala pale. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kuliepuka gari hilo la chini ya mwembe.

Bei isiyoshikika

Bei ya mafuta haimo mikononi mwa mnunuzi, wala haimo mikononi mwa mwenye kituo. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na kwa desturi tangazo hilo hutoka Jumatano ya kwanza. Kila eneo lina kikomo chake, kwa kuwa gharama ya kuyasafirisha mafuta kutoka bandarini huhesabiwa pia. Tangu mwaka 2018 bandari ya Mtwara nayo hupokea mafuta yanayoagizwa kwa pamoja, jambo ambalo mikoa ya kusini ililingoja kwa muda mrefu.

Bei hizo hupanda na kushuka kwa sababu za mbali. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la dunia, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Hata hivyo, Agosti mwaka huo petroli ilifika shilingi 3,410 kwa lita Dar es Salaam. Oktoba 2023 petroli ilikuwa shilingi 3,281 katika jiji hilo, na dizeli ikaipita kwa kufika shilingi 3,448. Aliyenunua gari la dizeli kwa kuamini kwamba dizeli ni nafuu siku zote alipata somo lake mwezi ule.

Wazee wanakumbuka zaidi. Katika miaka ya shida ya mafuta, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Siku hizi hakuna katazo la namna hiyo, lakini bei yenyewe yaweza kuwa katazo. Mwenye gari linalokula sana hujikuta na Jumapili saba katika wiki.

Kodi nayo imejificha ndani ya lita. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na badala yake ushuru wa bidhaa katika mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita. Maana yake ni kwamba anayechoma lita nyingi hulipa zaidi, na anayechoma chache hulipa kidogo. Mnunuzi hawezi kuamua bei ya lita. Lakini idadi ya lita anaiamua yeye, na anaiamua siku anapochagua gari.

Hesabu ya jirani wawili

Na ichukuliwe mifano ya jirani wawili. Kila mmoja husafiri mara mbili kwa wiki, safari ya kilomita 120 kwenda na kurudi. Wa kwanza ana gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita. Wa pili ana gari kubwa linalokwenda kilomita 8 kwa lita. Bei ya mfano iwe shilingi 3,000 kwa lita, ili hesabu iwe nyepesi.

Wa kwanza hutumia lita 8.6 hivi kwa safari moja, yaani takriban shilingi 25,700. Wa pili hutumia lita 15, yaani shilingi 45,000. Tofauti ni kama shilingi 19,300 kwa safari. Kwa safari moja haishtui. Mtu aweza kusema ni bei ya chakula cha wageni. Lakini mwaka una majuma 52, na safari zao ni 104. Mwisho wa mwaka tofauti imefika takriban shilingi milioni mbili. Kilo ya korosho ikichukuliwa kuwa shilingi 3,000, fedha hizo ni zaidi ya kilo 660, yaani magunia manane na zaidi yenye kilo 80 kila moja. Jirani wa pili amepalilia, amepulizia dawa, ameokota na kukausha magunia manane kwa ajili ya moshi unaotoka nyuma ya gari lake. Na kila mwaka atapaswa kufanya hivyo tena.

Ipo hila moja katika hesabu hii inayowapotosha hata watu wazoefu. Madereva husema gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita, na masikio huzipenda namba kubwa. Mtu akisikia kwamba gari moja limepanda kutoka kilomita 14 hadi 18 na jingine kutoka 6 hadi 8, hudhani la kwanza ndilo lililookoa zaidi, kwa kuwa limeongeza nne na jingine limeongeza mbili tu. Sivyo. Kwa mwendo wa kilomita 100, la kwanza limeshuka kutoka lita 7.1 hadi 5.6, akiba ya lita moja na nusu. La pili limeshuka kutoka lita 16.7 hadi 12.5, akiba ya zaidi ya lita nne. Kwa hiyo ni bora kuuliza gari linakunywa lita ngapi kwa kilomita 100, kwa maana lita ndizo zinazolipiwa. Na penye magari mawili katika familia au katika kikundi, la kubadilisha kwanza ni lile linalokula sana, hata kama lile jingine ndilo linaloonekana kuukuu.

Kinachokula mafuta

Watu wengi huutazama ukubwa wa injini peke yake. Ni mwanzo mzuri, lakini hautoshi. Injini hula mafuta kwa sababu ya kazi inayopewa, na kazi hiyo ina sehemu tatu: kuusogeza uzito, kuupasua upepo, na kushinda msuguano wa matairi na mitambo. Katika barabara za udongo zenye kusimama na kuondoka mara kwa mara, uzito ndio unaotawala. Katika lami ndefu ya kutoka Mingoyo kwenda Masasi, upepo ndio unaotawala, na gari refu lenye umbo la sanduku hulipa gharama yake.

Mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne huongeza uzito na msuguano. Kwa daktari au fundi anayelazimika kufika kila kijiji masika, mfumo huo ni wajibu. Kwa mwenye kupita mchangani mara tatu kwa mwaka, ni mzigo anaoubeba siku nyingine zote. Zipo IST na Probox za magurudumu mawili na zipo za manne, na kwa macho ya haraka zinafanana. Mnunuzi na aulize kabla ya kulipa, si baada.

Injini ndogo nayo ina mipaka yake. Vitz au Passo ya lita moja, akipanda dereva na abiria mmoja katika lami, hunusa mafuta tu, kama wasemavyo vijana. Lakini ikipakiwa watu watano na magunia, ikapandishwa mlima kwa gia ya chini huku imekanyagwa hadi mwisho, yaweza kula sawa na injini ya lita moja na nusu iliyotulia. Kirikuu ya sentimita za ujazo 660 ni mtumishi mwema wa soko na duka. Ikibebeshwa kazi ya lori hufa mapema, na kabla ya kufa hula mafuta mengi.

Kodi ya kuingiza gari nchini inasema lugha hiyo hiyo. Mbali na ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, upo ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: gari lisilozidi sentimita za ujazo 1,000 halitozwi, la kati ya 1,001 na 2,000 hutozwa asilimia 5, na linalozidi 2,000 hutozwa asilimia 10. Umri nao una tozo yake kwa magari ya kutembelea: yenye miaka minane hadi kumi hutozwa asilimia 15, na yaliyozidi miaka kumi asilimia 30. Mamlaka ya Mapato Tanzania ina kikokotoo katika tovuti yake, ambacho humwezesha mtu kujua kodi ya gari analolitaka kabla hajaagiza. Kijana wa ukoo mwenye simu aweza kuifanya hesabu hiyo akiwa barazani, bila kumlipa dalali.

Gari kwa kazi yake

Kupanga ni kuchagua. Kabla ya kuuliza gari gani, familia na ijiulize kazi gani. Na iandike katika daftari safari za mwezi mmoja: nani alikwenda, wapi, na mzigo gani, na alilipa nauli kiasi gani. Orodha hiyo husema ukweli ambao moyo huuficha.

Pengine orodha itaonyesha kwamba safari nyingi ni za mtu mmoja asiye na mzigo. Huyo pikipiki yamtosha, kwa kuwa pikipiki ya kawaida ya sentimita 125 huweza kwenda kilomita 40 au zaidi kwa lita, mradi kofia ngumu iwe kichwani. Pengine itaonyesha kwamba familia husafiri mara mbili tu kwa mwezi. Hapo nauli ya basi na kukodi gari siku ya dharura ni nafuu kuliko kumiliki. Kuamua kutonunua si kushindwa. Fedha iliyobaki yaweza kuongeza mikorosho au kununua mashine ya kupulizia dawa.

Ikiwa kazi ni kubeba watu, hesabu hubadilika. Gari dogo la watu watano linalokwenda kilomita 14 kwa lita hutumia kama lita 1.4 kwa kila mtu katika kilomita 100, likijaa. Gari la watu wanane, kama Noah, likienda kilomita 9 kwa lita na kujaa, hutumia vivyo hivyo, kama lita 1.4 kwa kila mtu. Hakuna mshindi. Ila siku Noah hiyo inapotembea na dereva peke yake, hunywa lita 11 kwa kilomita 100, wakati ile ndogo ingekunywa 7. Gari kubwa hulipa pale tu linapojaa siku nyingi. Likienda tupu, linamlisha mwenye kituo cha mafuta. Na kujaa hapa maana yake ni idadi iliyoandikwa katika kadi ya gari, si mtindo wa kumpakata mtoto wa mwenzako na kuketi juu ya gia.

Dizeli, haibridi na gesi

Dizeli ina nguvu zaidi ndani ya lita moja, kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko petroli, na injini yake huitumia kwa ufanisi mkubwa. Kwa gari la mizigo linalotembea kila siku, dizeli ni chaguo la busara. Kwa gari la familia linalotembea kidogo, akiba hiyo yaweza kumezwa na tengenezo moja la pampu au nozeli, hasa gari likiwa kuukuu au mafuta yakiwa machafu.

Magari ya haibridi, kama Prius na Aqua, yana injini ya petroli na mota ya umeme. Dereva anapofunga breki, sehemu ya nguvu ambayo ingepotea kwa joto hurudishwa katika betri na kutumika wakati wa kuondoka. Kwa hiyo faida yake ni kubwa mjini, penye foleni, na hupungua katika lami ndefu isiyo na kusimama. Betri huzeeka, na gari lililotoka Japani likiwa na miaka kumi limekuja na betri yenye miaka kumi. Anayelitaka na aipime betri hiyo kwa kompyuta, kisha aulize kama kuna fundi wa karibu aliyejifunza mfumo huo. Akikosa fundi, akiba ya mafuta itageuka nauli ya kulipeleka gari Dar es Salaam juu ya lori.

Swali la gesi huulizwa sana, na ni haki liulizwe katika pwani hii. Gesi ya Songo Songo, Wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ilianza kuuzwa mwaka 2004. Ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Magari mengi jijini Dar es Salaam yamefungwa mitungi ya gesi asilia, na madereva wake wanasifu unafuu. Lakini vituo vya kujazia vimejikusanya huko mjini. Gari likitoka Nyangamara na mtungi mtupu, litabeba chuma kizito huku likitembea kwa petroli. Mpaka kituo kiwe karibu, kufunga mtungi ni kutanguliza mkokoteni mbele ya punda.

Namba za Japani na namba za barabarani

Magari mengi yanayonunuliwa huku hutoka Japani yakiwa yametumika, na matangazo yake hutaja kilomita kwa lita zinazopendeza mno. Namba hizo si uongo, ila zilipimwa mahali pengine. Kipimo cha zamani, kilichoitwa 10-15, kilifanywa ndani ya maabara, gari likiwa juu ya roli, kwa muda wa kama dakika 11 na umbali wa kilomita 4.16, na mwendo wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa. Kipimo kilichofuata, JC08, kilianza kutumika rasmi mwaka 2011. Kilikuwa kikali zaidi, na namba zake zilishuka kidogo. Hakuna kati ya hivyo kilichojua mchanga, matuta, wala magunia ya ufuta. Kwa hiyo namba ya Japani na itumike kulinganisha magari mawili yaliyopimwa kwa kipimo kimoja, isitumike kupanga bajeti ya nyumba.

Kwa gari lililokwisha kutumika nchini, kipimo bora ni cha mtu mwenyewe. Tangi na lijazwe hadi pampu ijikate, kilomita zilizo kwenye dashibodi ziandikwe, kisha gari liende safari ya kweli, lenye uzito wa kweli. Likirudi, lijazwe tena katika pampu ile ile. Kilomita zilizotembewa zikigawanywa kwa lita zilizoingia mara ya pili, jibu limepatikana. Kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo jibu linavyokuwa la kuaminika. Muuzaji mwaminifu hatakataa, mradi mnunuzi alipie mafuta. Anayekataa amekwisha kujibu.

Fundi wa mnunuzi, si wa muuzaji, na alitazame gari asubuhi likiwa la baridi. Moshi mweusi ni dalili kwamba mafuta yanaingia mengi kuliko yanayoungua. Moshi wa buluu ni dalili kwamba injini inakula oili. Taa ya injini isiyowaka kabisa ufunguo unapofunguliwa yaweza kuwa imekatwa kwa makusudi. Na lipo jambo moja la gereji zetu linalostahili kuulizwa waziwazi: je, themostati imeondolewa? Mafundi wengi huiondoa injini inapochemka, kwa nia ya kusaidia. Bila themostati injini hukawia kufika katika joto lake la kazi. Kompyuta hudhani bado ni asubuhi, na huendelea kuongeza mafuta. Gari haliharibiki siku hiyo, ila hula zaidi kila siku, na mwenyewe huilaumu IST badala ya kukilaumu kipande kidogo cha chuma kilichotupwa.

Baada ya kununua

Gari jema likiendeshwa vibaya huwa gari baya. Wizara ya Nishati ya Marekani, ambayo imeyapima mambo haya kwa miaka mingi, inasema kwamba mwendo wa fujo, yaani kukanyaga kwa nguvu na kufunga breki kwa ghafla, hupunguza ufanisi kwa asilimia 15 hadi 30 katika barabara kuu, na kwamba sanduku la mizigo juu ya paa hugharimu asilimia 6 hadi 17 katika barabara hizo. Inasema pia kwamba ufanisi huanza kushuka kwa kasi mwendo unapozidi kilomita 80 kwa saa. Namba hiyo ya 80 si ngeni: ndiyo ukomo wa mabasi na malori katika barabara zetu, na penye makazi ukomo ni 50. Sheria inayolinda watoto wanaovuka kwenda shule ndiyo hiyo hiyo inayolinda mfuko wa dereva.

Upepo wa matairi na upimwe kila wiki kabla gari halijapata moto, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Keria ivuliwe isipokuwa na mzigo. Kichujio cha hewa kikung'utwe na kubadilishwa mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa kuwa kitabu kiliandikwa mahali pasipo na vumbi la kiangazi cha huku.

Mafuta yanunuliwe kituoni. Tangu mwaka 2010 mafuta halali huwekwa alama maalumu ya vinasaba, ili uchakachuaji kwa mafuta ya taa ugundulike, na Wakala wa Vipimo hukagua pampu. Petroli ya kwenye chupa haina alama inayoonekana wala kipimo cha kuaminika, na nyumba inayoihifadhi karibu na jiko inahifadhi msiba. Aliyepunjwa au aliyeuziwa mafuta machafu kituoni ana haki ya kudai risiti na kupeleka malalamiko EWURA. Asiye na risiti hupeleka hasira tu.

Juu ya yote, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mara gari linapojazwa, na ziandikwe tarehe, kilomita, lita na shilingi. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litajua mambo ambayo fundi hayajui. Gari lililokuwa likienda kilomita 13 likianza kwenda 10, kuna jambo: tairi, plagi, breki iliyoshika, au mtu anayelitumia usiku.

Robo ya tangi

Ndugu wakazi, mwisho wa hesabu zote hizi si shilingi. Gari katika kijiji si la mwenyewe peke yake. Usiku wa manane, uchungu ukimshika mama au mtoto akitetemeka kwa homa, hodi hupigwa katika nyumba yenye gari. Mwenye nyumba huamka na kufunga msuli wake, akashika ufunguo. Hapo ndipo uchaguzi wake wa miaka miwili nyuma hujibu. Ikiwa alinunua gari la fahari linalokula kupita uwezo wake, sindano ya mafuta imelala chini, vituo vimefungwa, na ndugu wataanza kuchangishana petroli ya chupa gizani huku mgonjwa akingoja. Ikiwa alinunua gari linalolingana na kipato chake, robo ya tangi imo, na robo hiyo katika gari lisilokula sana humfikisha mgonjwa hospitali na kumrudisha dereva nyumbani.

Kwa hiyo mwenye kuchagua gari na achague lile ambalo anaweza kulitunzia robo ya tangi siku zote, hata mwezi wa Juni fedha za msimu zikiwa zimekwisha. Kama hawezi kuitunza robo hiyo, gari hilo ni kubwa kwake, hata likiwa dogo. Na kama anaweza, basi amepata gari, na jirani zake nao wamepata.